Gunia Lililonyamaza

Majivu ya yadi ya Kwandu hayakuwa majivu ya jikoni. Yalikuwa laini kama unga wa muhogo, lakini mazito. Debe moja lilimchosha Leonsia kuliko debe la maji. Alikuwa amepiga magoti juu ya kipande cha turubai, khanga imefunika pua na mdomo, chekecheke mikononi, akitikisa. Yaliyobaki juu ya wavu yalikuwa matone ya chuma yaliyoganda, mengine madogo kama punje za mtama. Hayo aliyatia kwenye kopo la bosi. Yaliyopita chini yalikuwa takataka, na takataka hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi.

Nyuma yake tairi zilikuwa zinawaka, na juu ya tairi kulikuwa na fungu la nyaya na mbao za ndani ya redio na simu, zikiyeyuka na kutoa moshi mweusi unaokwama kooni. Wanaume wawili walikuwa wakipasua betri kwa shoka, za sola, za pikipiki, za malori yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo. Maji makali ya betri waliyamwaga kwenye mfereji unaoteremka kwenye migomba ya watu. Migomba ya kwanza ilikuwa imeshakauka siku nyingi. Mwenyewe alipolalamika aliambiwa ni mnyauko, ugonjwa wa migomba, akaandikishe kwa bwana shamba.

Binti yake, Irakoze, alikuwa amekaa ndani ya ganda tupu la televisheni ya chogo, miguu nje, kichwa kimeegemea plastiki. Alikuwa na miaka saba. Zamani alikuwa mtoto wa maneno mengi, anayeimba hata akiwa chooni, kiasi kwamba baba yake, kabla hajaondoka kwenda machimbo ya Geita na kusahaulika huko, alimwita redio ya nyumba. Sasa redio ilikuwa imezimika. Akitaka maji, alisema "nataka," kisha neno linalofuata likampotea, akabaki anamtazama mama yake. Tumbo lilimuuma kila mara. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kulegea, na mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amesema mtoto huyu ni mzito, arudi mwakani.

Leonsia aliona hayo yote na yalimuuma. Alisema moyoni kwamba ni moshi, na kwamba akipata kazi nyingine ataondoka. Kazi nyingine Lusahunga ilikuwa kuuza ndizi za kuchoma kwenye madirisha ya malori, na wauzaji walikuwa wengi kuliko malori.

Habari ya majivu ilianza kama jambo jema. Kwao Murusagamba, mama yake Melania alimfundisha tangu mdogo kwamba maharage yakishakauka huchanganywa na majivu ya jikoni ndipo yawekwe, fukusi wasiyatoboe. Kisha kila baada ya muda unainama, unaweka sikio kwenye mdomo wa gunia. Ukisikia mchakacho mdogomdogo ndani, ujue wameshaingia na chakula chako kinaliwa kabla yako. Gunia zuri ni gunia lililonyamaza. Melania alikuwa akimwita mtoto aje asikilize ule ukimya, kama watu wengine wanavyoita mtoto aje aone ndama aliyezaliwa.

Basi Leonsia, akiwa yadi, aliona kwamba kwenye lile rundo la majivu hapakuwahi kupita hata siafu. Sisimizi walilizunguka. Akachukua kidogo kwenye pindo la khanga, akachanganya na maharage yake. Msimu mzima gunia halikutoa sauti. Maharage yalikaa mpaka mavuno mengine bila tundu hata moja, yanang'aa. Clotilda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyaona, akaomba majivu. Baada ya Clotilda wakaja wanawake wa jumuiya, mmoja baada ya mwingine, na vibakuli. Leonsia hakuuza hata kijiko. Aligawa kwa roho nyeupe, na alijisikia mtu. Alitamani ampelekee na mama yake, lakini safari ya Murusagamba ni ndefu na nauli haikuwahi kupatikana.

Halafu ikaja shule. Kila mzazi hutoa maharage na mahindi ya chakula cha mchana, na asiyetoa mtoto wake hurudishwa nyumbani. Mwaka ule wa nyuma maharage ya stoo yalikuwa yameoza kwa wadudu, watoto wakawa wanaengua fukusi juu ya mchuzi kwa kijiko kabla ya kula. Kwenye kikao cha wazazi, Kwandu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule na ndiye aliyetoa masufuria makubwa ya kupikia, alisimama na kusema stoo apewe Mama Irakoze, kwa kuwa kila mtu anajua maharage yake. Wanawake walipiga makofi. Leonsia alitazama chini. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi maishani mwake, hata siku ya ndoa.

Alipoomba majivu ya kutosha stoo nzima, Kwandu alicheka.

"Chukua, mama. Chukua hata toroli zima. Unanisaidia kusafisha yadi."

Akachukua toroli zima. Aliyachanganya maharage ya shule kwa koleo sakafuni, mekundu, ya njano, meusi, yenye madoa, ya kila nyumba yamo, akayarudisha kwenye magunia na kuishona midomo ya magunia kwa waya mwembamba wa bluu alioutoa palepale yadi, maana uzi wa katani ulikuwa umekwisha. Alishona vizuri, mshono wa kupishana. Alitaka kila anayeingia stoo ajue kuna mtu mwenye mikono.

Siku Irakoze alipoanguka, aliangukia kwenye majivu. Alikuwa ametoka ndani ya ganda la televisheni, akapiga hatua chache, mwili ukakakamaa, macho yakageuka meupe, povu likamtoka. Mmoja wa wapasua betri alisema ni degedege, atiwe maji. Mwingine alisema ni mapepo. Kwandu alitoka ofisini, akatazama, akasema mtoto asiletwe tena kazini.

Hospitalini Biharamulo walipokelewa na daktari mmoja wa kike, bado kijana, jina lake Nice, aliyekuwa na tabia ya kuuliza jambo moja mara mbili. Alimpima mtoto malaria, hakuiona. Alimtazama fizi, akamshika ule mkono uliolegea, akauliza mama anafanya kazi gani, kisha akauliza tena. Akamtoa damu, akasema itapelekwa Mwanza. Ilichukua muda mrefu. Majibu yaliporudi Leonsia aliitwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki, mtoto mapajani.

"Mama, damu ya mtoto ina sumu," alisema Daktari Nice. "Ni madini ya risasi, yale yanayoyeyushwa kutoka kwenye betri."

"Ni moshi, dokta."

"Moshi umo. Lakini kiasi hiki hakiji kwa kuvuta hewa tu. Kuna kitu anakula. Nyumbani anakula nini?"

Leonsia aliona aibu, kama mtu anayeulizwa habari za umaskini wake mbele za watu. Akasema ugali. Ndizi. Maharage kila siku.

"Maharage mnanunua wapi?"

"Sinunui, dokta. Ya shambani kwangu. Mazuri sana. Hayana hata fukusi mmoja."

Daktari alitikisa kichwa polepole, akaachana na maharage. Alikuwa amelelewa mjini, na pengine hakuwahi kulisikia gunia. Alieleza kwamba dawa ya kuondoa sumu ile hapo hospitalini haipo, na hata ikiwapo haifai kitu mtoto akirudi palepale. Kilichowezekana ni kumwondoa, ampeleke mbali, ale vizuri, na pengine maneno yatarudi. Alisema "pengine" akiwa anamtazama mtoto badala ya mama.

Walirudi Lusahunga jioni. Leonsia alimimina maharage kwenye beseni na, kwa kuwa njiani alikuwa amepata wazo la kumpikia mtoto chakula kisafi kabisa, aliyaosha mara nyingi kuliko kawaida. Siku zote aliosha mara moja, maji yakiwa ya kubebwa kutoka mbali. Maji ya kwanza yalikuwa ya kijivu. Ya pili yalikuwa ya kijivu. Alipomwaga ya tatu, chini ya beseni kilibaki kitu kidogo kinachong'aa, akakichukua kwa ncha ya kidole. Kilikuwa tone la chuma, dogo kama punje ya mtama, la aina ileile anayoitia kwenye kopo la bosi.

Aliketi chini. Hakulia. Aliinama akaweka sikio kwenye gunia, kwa mazoea tu, na gunia lilikuwa kimya, na ukimya ule aliousikia maisha yake yote kama baraka ulimtia hofu mpaka vidole vya miguu. Ndani mle hakikuishi kitu, wala hakikuweza kuishi. Yeye alikuwa akiyapika maharage hayo kila siku, anamwekea mtoto na kumwambia amalize.

Kisha nyumba zikaanza kumjia. Clotilda, aliyeharibikiwa na mimba mbili mfululizo, na watu wakasema ni mkono wa bibi Rozina wa nyumba ya mwisho, wakamvunjia yule bibi mlango na kumwachia mvua iingie. Akimana, ambaye mtoto wake alichelewa kutembea. Yule mzee wa jumuiya aliyekuwa analia na tumbo kila Jumapili. Kila nyumba aliyoifikiria aliiona na bakuli lake mlangoni. Na nyuma ya nyumba zote ilikuwa shule. Jambo moja tu lilibaki wazi kichwani mwake: yale maharage ya stoo yasiliwe tena, hata siku moja zaidi.

Asubuhi alifika shuleni masufuria yakiwa tayari jikoni. Alimfuata Mwalimu Fideli, mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye shati lililofifia kola, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Mwalimu, leo wasile."

Mwalimu Fideli aliuliza kama ana hakika. Aliposema ameona kwa macho yake, mwalimu aliuliza kama daktari ndiye aliyesema ni maharage. Leonsia akasema hapana, daktari alisema ni kitu anachokula. Mwalimu alishusha pumzi. Alisema shule haina chakula kingine, watoto wengine hapo hutoka nyumbani bila kunywa hata uji, na akisimamisha chakula kwa maneno ya mama mmoja ataulizwa wilayani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba asilaumiwe, kisha akampigia simu mwenyekiti.

Kengele ya chakula iligongwa kabla Kwandu hajafika. Leonsia alisimama dirishani akaona watoto wanapanga mstari na sahani. Alitaka kwenda kuyapindua masufuria. Miguu haikumpeleka, na hilo hatalisahau.

Kwandu alipofika aliketi kwenye kiti cha mwalimu, na mwalimu akabaki amesimama. Alisikiliza bila kukatiza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hakuwahi kuhitaji kuipandisha.

"Majivu uliyatoa wapi, mama?"

"Kwako, bosi."

"Nilikuuzia?"

"Hapana."

"Nilikupa?"

"Ulisema nichukue toroli zima."

"Mwalimu, ulinisikia nikisema hivyo?"

Mwalimu Fideli alitazama sakafu. "Sikuwepo, mwenyekiti."

"Basi mama alibeba takataka za yadi yangu bila ruhusa," alisema Kwandu, "akazitia kwenye chakula cha watoto. Mimi nakuelewa, hukukusudia. Lakini wazazi wakisikia hivyo watakuelewa?"

Leonsia aliuliza jambo alilokuwa hajapanga kuliuliza, nalo lilimtoka kwa sauti ndogo.

"Na yadi, bosi?"

"Yadi ina kibali," alisema Kwandu, akasimama na kumshika bega kwa upole, kama wanavyofanya watu msibani.

Afisa afya alikuja wiki hiyohiyo. Aliitwa Alfonce, alivaa glovu nyeupe, na aliwakusanya wazazi uwanjani akawatangazia kwamba maharage yote ya stoo hayafai kwa matumizi ya binadamu, yamechafuliwa kwa uzembe wa mtunza stoo, na yatakwenda kuteketezwa kwa utaratibu. Hakutaja yadi. Gari lake lilikuwa limeegeshwa yadi, chini ya kivuli cha turubai, na huko ndiko alikokunywa soda kabla ya kuja na baada ya kuondoka. Magunia yalipakiwa kwenye lori mbele ya macho ya watu, waya wa bluu ukimetameta kwenye midomo yake. Leonsia alijipenyeza mpaka mbele, akaomba aruhusiwe kwenda kuona yanapochomwa.

"Kuna utaratibu, mama," alisema Alfonce, akavua glovu zake kidole kimojakimoja na kuzitupa chini.

Jioni hiyo wazazi walitangaziwa mchango mpya wa maharage. Tangu hapo hakuna aliyemsalimia Leonsia. Wanawake waliomletea vibakuli walipita mbele ya mlango wake wakiwa wamewashika watoto mkono. Wengine walisema alilipwa na watu. Wengine walisema ni mchawi kweli, kwa nini bibi Rozina alisumbuliwa bure. Hayo aliyavumilia. Hakuvumilia kumwona Clotilda, aliyesimama kwenye ua wake, mkono tumboni, tumboni pasipo na kitu. Leonsia alimwendea ili amwombe radhi.

"Ulinipa kwa mikono yako," alisema Clotilda. "Na mimi nilikushukuru."

Kazini alikuwa ameshafukuzwa. Maharage ya nyumbani kwake aliyachimbia shimo nyuma ya nyumba, akayafukia, akayakanyagakanyaga udongo ukashikana. Asubuhi alikuta shimo limefukuliwa na maharage yamechukuliwa yote, mpaka yale yaliyochanganyika na udongo. Ilikuwa miezi ya njaa. Alisimama akitazama alama za miguu, nyingine ndogo, akajua kwamba hata angepita nyumba kwa nyumba kuwaonya, hakuna atakayemfungulia mlango. Alimbeba Irakoze mgongoni akaondoka.

Barabara ya Murusagamba ni ya mashimo na vumbi, na gari waliloomba lifti liliwashusha kabla ya mwisho, wakamalizia kwa miguu. Melania aliwapokea kwa kelele za furaha na machozi, akampakata mjukuu wake kama mtoto wa kunyonya, akashangaa wepesi wake. Aliuliza mtoto ana nini. Leonsia akasema ni moshi wa kazini. Hakusema habari ya majivu. Kila alipotaka kusema, aliiona mikono ya mama yake ikichanganya maharage, anakumbuka ni nani aliyemfundisha, na ulimi unakuwa mzito. Alijiambia atasema baadaye, mtoto akishapona. Na kwa kweli kulikuwa na haraka gani? Majivu ya Kwandu hayakuwahi kufika Murusagamba, hilo peke yake ndilo lililompa usingizi.

Mwaka ule mvua ilikuwa imeozesha maharage ya Melania yakiwa bado shambani, hivyo walikula ndizi na muhogo na mboga za majani. Irakoze alikaa kivulini siku nyingi akitazama kuku. Siku moja aliomba maji, akalitamka neno lenyewe, "maji," kisha akalirudia peke yake kama anayelionja. Baadaye akaanza kula. Baadaye akashika kijiko kwa mkono wa kulia, kikaanguka, akakishika tena. Siku Leonsia alipomsikia akiimba nyuma ya nyumba, nusu tu ya wimbo wa kanisani, alijificha kwenye migomba akalia mpaka akaishiwa.

Mtoto alihitaji chakula cha maana, daktari alisema hivyo, kwa hiyo Leonsia alipopata kibarua cha kuchuma kahawa upande wa Nyamiaga alikwenda, akalala hukohuko na wachumaji wenzake, akamwachia bibi mtoto. Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Biharamulo aliweza kufikiria mambo ya mbele: kumpeleka Irakoze shule ya hapo nyumbani, darasa la kwanza, mwakani.

Aliporudi jua lilikuwa linakaribia kuzama. Harufu ilimpokea kabla hajafika uani. Ilikuwa harufu ya maharage yaliyoiva na kitunguu, akajikuta anatabasamu, maana alikuwa na njaa na hakuwa amekula maharage siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi wakati mzuri." Melania alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga, uso umechangamka. Alieleza kwamba tangu Leonsia aondoke mambo yamefunguka. Gari limekuja sokoni na maharage kutoka Biharamulo, mazuri ya ajabu, na mwenye gari alikuwa anapokea hata mikungu ya ndizi. Yeye ametoa mikungu yote iliyokuwa tayari, akapata gunia zima. "Ya kura na ya mbegu," alisema kwa lafudhi ya kwao. "Harafu nimewagawia na majirani, kila nyumba bakuri moja. Nani atapanda peke yake?"

Leonsia alisimama palepale na mzigo wake kichwani.

Gunia lilikuwa limeegemezwa ukutani, ndani tu ya mlango, mdomo wazi. Maharage yalikuwa ya kila rangi, mekundu, ya njano, meusi, yenye madoa, kama yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba. Mtu alikuwa ameyapepeta kidogo, lakini kwenye vikunjo vya gunia lilibaki vumbi laini la kijivu. Kwenye pindo la mdomo, pale mshono ulipofumuliwa, ulining'inia waya mwembamba wa bluu. Ulikuwa bado umekunjamana kwa mshono wa kupishana.

Alishusha mzigo. Akaushika ule waya, akaufuata kwa vidole mpaka mwisho, kwenye fundo lake mwenyewe.

"Mmeanza kula lini?" aliuliza.

"Siku ileile ya soko. Mtoto hataki kitu kingine sasa." Melania aliinama kando yake, akaweka sikio kwenye mdomo wa gunia, akafumba macho, na uso wake wa kizee ukalegea kwa raha. Akamvuta binti yake mkono. "Njoo usikie. Kimya kabisa. Tangu nizaliwe sijapata gunia kama hili."

Irakoze alikuja kutoka uani na sahani tupu. Aliishika kwa mkono wa kulia, sawasawa, bila kutetemeka. Mchuzi ulikuwa umemzunguka mdomo. Alimwona mama yake akacheka, kisha akamgeukia bibi na kumnyooshea sahani.

"Bibi," alisema, kwa sauti safi, kila neno mahali pake, "naomba maharage mengine."

Melania alishachukua upawa.